Picha Kumi na Mbili za Raheli

Jumanne moja ya mwezi wa saba, wachumba wawili waliingia katika studio ya picha iliyoko Kikuyu, mjini Dodoma, wakiwa na bibi mmoja aliyevaa kitenge cha njano na raba nyeupe. Mchumba wa kike aliitwa Gladness, alikuwa muuguzi. Wa kiume, Elisha, alikuwa fundi umeme kwenye uwanja mpya wa ndege kule Msalato. Yule bibi alikuwa Raheli, mama yake mama Gladness, aliyetoka Haneti asubuhi hiyo kwa basi. Walikuja kupanga picha za harusi.

Mwenye studio siku hizi ni Lulu, na Lulu hapigi harusi bila orodha. Aliwahi kupiga harusi moja nzuri sana, picha mia tano, halafu ikagundulika kwamba baba mzazi wa bwana harusi hayumo hata kwenye moja, maana siku nzima alikuwa nyuma ya nyumba akisimamia nyama. Tangu hapo huketi na familia wiki kadhaa kabla, daftari mkononi, akaandika nani atasimama na nani, wapi, na saa ngapi.

Nyuma ya kaunta alikaa baba yake, mzee Bushiri, mtu wa miaka sitini na sita, mnene kidogo, kichwa kinang'aa, miwani puani, akigongelea misumari kwenye fremu. Kamera alikwisha kumwachia binti yake, ila hapo dukani hakubanduka. Alipenda kusikiliza watu wakipanga harusi zao kama wengine wapendavyo kusikiliza mpira redioni.

"Ya kwanza, gauni limetundikwa dirishani," alisoma Lulu. "Ya pili, viatu."

"Viatu vya nani?" aliuliza Raheli.

"Vya bibi harusi, bibi."

"Na yeye mwenyewe atakuwa wapi?"

"Anakuwa bado hajavaa. Tunapiga viatu peke yake."

Raheli akamgeukia mjukuu wake. "Kwa hiyo unaolewa wewe au vinaolewa viatu?"

Gladness alicheka hadi akajifunika uso kwa mkoba. Lulu akaendelea: pete juu ya ua, wasimamizi wakiruka hewani wote kwa pamoja, picha ya kutoka angani kwa droni. Kila moja Raheli aliipokea kwa kutikisa kichwa polepole, kama mtu anayeelezwa bei ya kitu ambacho hana mpango wa kukinunua.

"Sisi zetu zilikuwa kumi na mbili tu," alisema mwishoni. "Na viatu havikuwemo. Vile nilivyoazimwa vilinibana, nikavivulia mlangoni pa kanisa."

"Bibi, mbona hujawahi kunionyesha picha za harusi yako?"

"Nikuonyeshe nini? Hazikuja."

Nyundo ya mzee Bushiri ilipunguza mwendo.

"Ilikuwa mwaka sabini na saba," alisema Raheli. "Babu yako alisema lazima tupate picha, akamwagiza mpiga picha kutoka mjini. Akaja kijana kwa lori, mwembamba kama ufito, nywele za duara hivi kama kiota, suruali inafagia chini. Alipiga kumi na mbili. Nilizihesabu, maana kila akipiga alizungusha kamkono pembeni mwa kamera. Tukampa jogoo wa njiani. Akasema, Jumatano ya wiki ya pili nitaleta picha zenu. Hiyo Jumatano haijafika mpaka leo."

"Aliwatapeli," alisema Elisha.

"Hapana! Kijana mwenye adabu vile? Alikufa, maskini. Sisi tulikaa tukaamua amekufa. Mchungaji alimwombea kanisani Jumapili mbili, na mama yangu alilia kabisa, na jina lake hatulijui."

Hapo nyundo ilitua juu ya kidole gumba cha mzee Bushiri.

"Baba! Vipi?"

"Imeteleza," alisema mzee, kidole mdomoni.

"Pole, mzee wangu," alisema Raheli kwa huruma. "Kitie kwenye maji baridi." Akamtazama mzee yule mnene mwenye upara, na hakumwona mtu yeyote anayemjua.

Gladness alitaka kujua kama bibi anazikumbuka. Raheli akashangaa swali. Anawezaje kuzisahau, na ndizo alizokuwa akizisubiri? Akaanza kuzitaja kwa vidole. Mlangoni pa kanisa, yeye na Meshack. Kisha Meshack peke yake, ameshika kofia aliyoazimwa na karani. Kisha yeye na mama yake kwenye kivuli cha ghala, mama amekataa katakata kutabasamu. Yeye na Penina, msimamizi wake, wameshikana mikono. Meshack na ng'ombe mwenye paji jeupe. Alizitaja zote, na Lulu, ambaye hakuombwa, alizinakili ukurasa wa nyuma wa daftari kwa sababu zilimpendeza.

"Na ya kumi na mbili tulimwita yule kijana mwenyewe aingie katikati yetu. Shemeji yangu Gideoni akashika kamera. Meshack alisema, mtu aliyetoka mbali hivi asiondoke bila kuwemo."

Mzee Bushiri alinyanyuka, akasema anakwenda kutafuta maji baridi, na hakurudi dukani siku hiyo.

Ukweli ni kwamba mwaka ule alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa akijifunza kazi kwa mjomba wake, Swalihu, mwenye studio karibu na soko, iliyokuwa na pazia la nyuma lililochorwa maporomoko ya maji ambayo Dodoma haijapata kuyaona. Harusi ya Haneti ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza peke yake. Mjomba alimkabidhi kamera nzuri kuliko zote, ile ya lenzi mbili, moja juu na moja chini. Ya juu ni ya mpiga picha kutazamia. Ya chini ndiyo inayopiga. Kwa ajili ya vumbi la njiani, Bushiri aliifunika ile ya chini kwa kifuniko chake. Alipofika Haneti, akakuta ngoma, watu, bibi harusi amesimama jua likimwangaza ubavuni. Akatazama kwa lenzi ya juu, akaona kila kitu kimekaa sawasawa. Akapiga. Akapiga zote.

Akiwa juu ya lori, jogoo miguuni, alitoa kitambaa ili aisafishe kamera kabla ya kuifunika. Kifuniko kilikuwa mahali pake. Hakikuwa kimetoka tangu asubuhi.

Hata hivyo filamu aliisafisha kwa dawa gizani, akitumaini muujiza. Ilitoka tupu kama kioo cha dirisha. Mjomba Swalihu hakumpiga. Alimpa nauli, akamwambia, "Filamu huharibika kwa kila mtu. Nenda ukawaambie kwa mdomo wako, wapange siku nyingine, ukapige upya." Bushiri akaenda hadi stendi, akakaa juu ya gunia kutwa nzima akitazama malori ya Haneti yakijaa na kuondoka, na jioni akarudi akasema, "Nimewaambia, mjomba. Wamesema si neno."

Mjomba alifariki akiamini hivyo. Bushiri akawa mpiga picha, tena mzuri. Alipiga harusi Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Manyoni. Serikali ilipohamia Dodoma kwa wingi, alipiga picha za pasipoti mpaka usiku ukaingia. Lakini mteja wa Haneti akija, mzee alikuwa na kazi nyingine siku hiyo. Na kila alipoinua kamera, kwanza aligusa lenzi kwa kidole mara tatu. Vijana aliowafundisha walidhani ni dawa ya kazi, wakaiga. Hata Lulu hugusa mara tatu, bila kujua kwa nini.

Jioni ile alimweleza mkewe, Joha, jambo zima toka mwanzo. Joha aliacha kuchambua mchele.

"Kwa hiyo kile kidole cha kwenye lenzi? Uliniambia ni dua!"

"Ni dua pia."

Joha alicheka, akafuta machozi kwa upindo wa khanga, akacheka tena. Kisha akausukuma ungo wa mchele pembeni. "Baba Lulu. Watu wamekuombea kanisani kama maiti, na wewe uko hapa unasubiri wali. Keshokutwa panda basi."

"Nitawaambia nini?"

"Waambie hukufa. Anzia hapo."

Alhamisi mzee Bushiri alivaa kanzu safi na kofia, akapanda basi la kwenda Kondoa, akapita Msalato, akapita vijiji ambavyo zamani lori lilivifikia saa sita mchana, na kabla hajamaliza kupanga maneno yake kondakta akaita, "Haneti, Haneti washukaji!" Lami ilikuwa imemfupishia safari kuliko alivyotaka.

Hapakuwa na haja ya kuulizia sana. Nyumba ya mzee Meshack ilijulikana. Alimkuta uani akishona midomo ya magunia ya alizeti, mtu mrefu, mkavu, nywele nyeupe zote. Raheli alikuwa kizingitini akichambua mlenda.

"Mbukwa," alisalimu Bushiri kwa Kigogo.

"Mbukwa, karibu," alisema Meshack, akamsogezea kigoda.

"Huyu si mzee wa studio?" alisema Raheli. "Kidole kimepona? Kuna tatizo na picha za Gladness?"

"Za Gladness hazina tatizo, mama. Nimekuja kwa ajili ya zile zenu kumi na mbili." Alivua kofia, akaiweka gotini. "Mimi ndiye yule kijana."

Raheli aliweka ungo chini. Alisogea, akainama, akamtazama uso karibu kama mtu anayetafuta uzi kwenye tundu la sindano.

"Nywele ziko wapi?"

"Zilikwenda."

"Na wembamba?"

"Nao ulikwenda, mama."

"Yayagwe!" alisema Raheli, akaketi chini palepale. "Kwa hiyo hukufa."

"Sikufa. Niliogopa." Akawaeleza: lenzi ya juu, lenzi ya chini, kifuniko, stendi, uongo aliomwambia mjomba. Hakujitetea. Alipomaliza, Raheli alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja na mabega yanatikisika, na Bushiri hakujua kama ni kilio au kicheko. Lakini Meshack hakucheka. Sindano ya gunia ilikuwa imetulia mkononi mwake.

"Nilikuwa nakwenda barabarani," alisema Meshack. "Kila Jumatano. Lori lilipita saa tisa. Nikasimama pale, likashusha watu, likaondoka. Nilikwenda hivyo mpaka mvua zikaanza na shamba likaniita. Huyu alidhani nakwenda kutazama ng'ombe."

Raheli akamgeukia. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Picha nilikuahidi kabla sijakuahidi kitu kingine chochote."

"Nisamehe, kaka," alisema Bushiri.

Meshack aliinuka, akaingia ndani, na alipotoka alikuwa na kisu kirefu mkononi. Bushiri alishika magoti yake kwa nguvu, akakumbuka kwamba hakuaga vizuri nyumbani.

"Wewe si Mwislamu?" aliuliza Meshack.

"Ni Mwislamu, alhamdulillahi," alisema Bushiri kwa sauti nyembamba.

"Basi chinja mwenyewe, ule kwa amani." Akamkabidhi kisu kwa mpini. "Yule mwekundu kule. Na yule tuliyekupa siku ile, ulimla?"

"Nilimla."

"Alikuwa mtamu?"

"Alikataa kushuka kooni, kaka."

Ndipo Meshack alipocheka. Kilikuwa kicheko cha taratibu, kilichoanzia mbali, na kilipofika kikamlazimisha ashike nguzo ya ghala. Wakamkimbiza jogoo wazee wawili, wakashindwa, na Raheli ndiye aliyemkamata.

Wakala ugali wa uwele, mlenda na jogoo, na wakiwa bado wananawa mikono, Raheli akatoa hukumu yake: anazitaka zote kumi na mbili, kwa mpangilio uleule, siku ya harusi ya Gladness, itakayofungwa hapohapo Haneti na jamaa wote wakiwepo.

"Hapana," alisema Meshack. "Siku ile ni ya mtoto. Tusimkalie."

"Na mimi nasema hivyo," alisema Bushiri. "Tena wengine wametangulia. Mama yako, kwa mfano, ile ya kivuli cha ghala."

"Mama sasa ni mimi," alisema Raheli. "Angelina atasimama niliposimama, na mimi nitakaa alipokaa mama yangu, na sitatabasamu."

Angelina ni binti yao, mama yake Gladness. Bushiri akatoa kalamu, akaandika. Hapo ndipo kazi ilipowanogea, wakapanga moja baada ya nyingine. Penina yuko hai, alihamia Msalato kwa mwanawe, atakuja siku moja kabla. Mchungaji wa zamani hayupo, lakini mwanawe ana uso uleule. Gauni jeupe lilikuwa la mke wa mwinjilisti na lilirudishwa jioni ileile, kwa hiyo Raheli atavaa kitenge cha sare ya mabibi.

"Na ng'ombe mwenye paji jeupe?" aliuliza Bushiri.

Wenyeji wake wakatazamana. "Yule tulimla siku ileile," alisema Meshack.

"Kwa hiyo nilipiga picha ya kitoweo?"

"Hukuipiga," alisema Raheli. "Hiyo ndiyo shida."

Kuhusu kumkalia mtoto, simu ilipigwa mjini. Gladness akapiga kelele zilizosikika uani kwa watu wote. Alisema bibi akikataliwa, yeye haolewi. Wakakubaliana: saa moja asubuhi, kabla bibi harusi hajavaa, iwe ni zamu ya wazee, na kuanzia saa tatu Lulu aanze orodha yake ya viatu.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, wakati ambapo upepo wa Dodoma hauna adabu. Lulu na baba yake walilala Haneti kwa jamaa wa Meshack. Asubuhi, Bushiri alitoka akiwa na kamera ya binti yake shingoni, akitegemea kuwakuta watu watano. Aliwakuta kama themanini. Raheli alikuwa ameisimulia kwaya ya akina mama kisa chote, na kuisimulia kwaya ya akina mama huko Haneti ni sawa na kukitangaza kwa kipaza sauti. Wapishi waliacha masufuria. Wapiga ngoma walikuja na ngoma zao. Kamati ya harusi ilikuja na viti.

Mlangoni pa kanisa, Raheli na Meshack wakasimama bega kwa bega. Raheli akazivua raba zake, akaziweka pembeni. Bushiri akainua kamera, kidole kikaenda kwenye lenzi chenyewe, na kabla hajagusa, umati mzima ukapiga kelele kwa sauti moja:

"Kifuniko!"

Alikuwa amekisahau. Naapa alikuwa amekisahau. Kilikuwa pale, cheusi, kimebana vizuri. Lulu alikaa chini mavumbini kwa kicheko. Mzee akakivua, akakiinua juu kila mtu akione, akampa Joha, aliyekuja kwa basi la alfajiri ili asihadithiwe, naye akakifunga kwenye pindo la khanga yake. Kuanzia hapo kila picha ilianza kwa kelele ile, na kila mara Joha alionyesha pindo lake kama mtu anayeonyesha tiketi.

Ya kwanza na ya pili alizipiga harakaharaka. Ya tatu ilikuwa kwenye kivuli cha ghala. Raheli aliketi, akakunja uso kama alivyoahidi. Angelina akasimama nyuma yake, akaweka mkono begani mwa mama. Bushiri alipiga mara moja tu, akasubiri, akapiga tena, maana safari ya pili Raheli alikuwa amesahau kukunja uso.

Ya ng'ombe ilichukua muda. Walileta dume jekundu la jirani, lisilo na paji jeupe wala nia njema. Lilipoona watu themanini wakilitazama liligeuka, likaondoka na kamba, na Meshack nyuma yake, kofia mkononi. Picha iliyopatikana inaonyesha mgongo wa mzee na mkia wa ng'ombe, na mwenyewe anasema ndiyo inayofanana naye kuliko zote.

Ya kumi na mbili Raheli alimsimamisha Bushiri katikati. Gideoni, yule shemeji aliyeshika kamera zamani, aliitwa. Ana mtoto wa jicho, haoni zaidi ya hatua tatu, lakini hakukubali mtu mwingine aishike kamera. "Niliipiga mimi," alisema, "na sasa naipiga mimi." Lulu akamwelekeza mabega, akamwekea kidole kwenye kitufe. Umati ukapiga kelele. Gideoni akabonyeza. Kichwa cha Bushiri kilikatwa kuanzia nyusi kwenda juu, na Raheli alipoonyeshwa kwenye kioo cha kamera alisema haikupotea kitu, maana huko juu hapana nywele.

Kisha wazee wakampisha mtoto. Lulu akapiga gauni dirishani, pete juu ya ua, wasimamizi wakiruka, mmoja akitua vibaya. Upepo ukaichukua shela ya Gladness wakati wa kutoka kanisani, ukaivingirisha kwenye miiba ya uzio, na Elisha akapanda na suti yake mpya kwenda kuinasua. Lulu akazipiga hizo pia, ingawa hakuna mahali alipoziandika. Mchana, sahani ya pilau mkononi, Raheli aliomba aonyeshwe picha ya viatu. Aliitazama kwa muda.

"Si vibaya," alisema. "Vinaonekana vinamsubiri mtu."

Wiki iliyofuata mzee Bushiri alichapa picha zile mwenyewe, karatasi nzito, akazitengenezea albamu ya jalada la kitambaa. Hakutaka kuzituma kwa kondakta. Aliziwasilisha kwa mkono, Jumatano. Raheli alizipitia taratibu, akilamba kidole kila ukurasa. Kwenye ile ya kivuli cha ghala alikaa mpaka chai ikapoa. Alipofunga albamu, alikunja uso.

"Nimezeeka kwenye picha zote."

"Ulitaka ubaki kijana na nani?" alisema Meshack.

Gladness na Elisha wanakaa Msalato, na albamu yao ni kubwa kuliko meza yao. Lakini kazi iliyomwangukia mzee Bushiri hakuna aliyeipangia. Jumapili iliyofuata harusi, wazee wengine wawili wa Haneti walimpigia simu. Walifunga ndoa mwaka sitini na tisa na hawajawahi kupigwa picha wakiwa wawili, je, wamechelewa? Kisha wakapiga simu wa kijiji cha jirani. Siku hizi Jumamosi moja kila mwezi mzee hupanda basi na kamera yake, ambayo Lulu alimnunulia baada ya kuchoka kuazimwa ya kwake, na huketi kwanza na wazee hao akawauliza wanataka ipi na ipi.

Mwezi uliopita alikuwa Itiso, kwa babu na bibi waliogombana asubuhi hiyo juu ya nani kati yao alimpenda mwenzake kwanza. Bibi alikataa kutoka ndani. Babu alikaa nje na koti lake, ameng'ang'ania mkongojo. Bushiri akakaa naye, wakala karanga, wakazungumza habari za mvua. Lulu alipiga simu kuuliza atarudi saa ngapi.

"Sijui," alisema mzee. "Bibi harusi bado amekasirika."

Saa tisa hivi mlango ulifunguka kidogo. Bibi akachungulia, kichwa amekwisha kukifunga kilemba kipya, akauliza kama mpiga picha amekwisha kula. Babu akasimama haraka kuliko mtu wa umri wake anavyopaswa, akaanza kufunga vifungo vya koti.